Ndoo saba za mboga na paka wawili kwenye kibaraza kimoja, mnafanyaje wenzangu?

Binti_Shangani
Habarini wapendwa. Nipo Mtwara mjini huku Shangani, nimepanga nyumba ina kibaraza kidogo tu, na mimi maishani sijawahi kupanda hata pilipili. Sasa mwezi wa tano mvua zilivyokatika nikaomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi waliokuwa jirani, nikazisugua, nikatoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo na samadi ya mbuzi alafu nikamwaga mbegu za mchicha. Jamani siku ya nne asubuhi natoka na kikombe changu cha chai nakuta vijishina vyekundu vimeinua udongo, yani kile kipande cha udongo kimenyanyuka juu kama mfuniko wa sufuria, nikachuchumaa pale nikaviangalia mpaka chai ikapoa. Toka siku hiyo nikilala nawaza kuche nikaangalie. Saivi ndoo zimefika saba, mchicha tatu, kotimiri, mrehani, pilipili mbuzi na nyanya moja.

Shida wanangu. Kungu ni mama mtu, rangi ya majivu, ana miaka sita nimetoka nae mbali, na Kibua ndo mwanae wa mwaka jana. Kungu yeye nikimwagilia ananifuata ndoo kwa ndoo ananusa, kisha anajikunja juu ya kotimiri analala. Kibua anafukua mchicha na kujisaidia humohumo, leo nimekuta miche kama ishirini imelala chali mizizi juu. Jirani kaniambia niwatoe hao paka nimpe mtu. Siwezi, hao ni wa kwangu. Na mboga pia sitaki kuacha, ndo kwanza nimeonja utamu wake. Naomba mnisaidie, na mnitajie pia kama kuna mmea wa kuwadhuru.

MzeeWaKusi
Pole mwanangu. Paka haharibu kwa ubaya, anatafuta udongo mlaini mkavu wa kufukia uchafu wake na wewe umemuwekea ndoo tatu. Mpe chake. Chukua beseni pana jaza mchanga mkavu weka kona ya mbali na ndoo, kile kinyesi chake kimoja kichukue na kijiko ukizike kwenye huo mchanga aunuse, atajua. Kwenye ndoo funika udongo wote kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au vunja vifuu upange huku umeacha nafasi ya shina tu. Paka hapendi kukanyaga kitu cha kuchoma vidole. Na hayo makumbi yatakusaidia kingine, mwezi huu kusi linavuma mchana kutwa ndoo inakauka kabla ya adhuhuri, mimi huku Mikindani bila makumbi ningekuwa namwagilia mara tatu.

Swali moja, unamwagilia maji gani?

Binti_Shangani
Asante sana baba. Kisima chetu kina maji ya chumvi kwaiyo nanunua ya kunywa, mboga nawapa maji ya kuoshea mchele na ya kuoshea dagaa, niliambiwa ni mbolea nzuri.

MzeeWaKusi
Basi hapo hapo. Ya mchele endelea. Ya dagaa acha leo hii, unampikia Kibua alafu unamkataza asifunue chungu.

MamaNyau_Lindi
Dada hilo la dagaa limenikumba na mimi hapa Lindi, walinifukulia mpaka mche wa limao 😭

Kuhusu mimea: mrehani na kotimiri hazina neno, wakitafuna kidogo waache. Nyanya, majani na shina na tunda bichi si salama kwa paka kwaiyo ndoo hiyo iinue juu. Mchaichai ukiupanda uweke mbali, paka wengi wanaupenda kwa sababu unafanana na nyasi na ukimzidia unamsumbua tumbo. Aloevera itamtapisha na kumharisha. Vitunguu maji na saumu usiwape kabisa, hata mabaki ya mchuzi, vinaharibu damu yao. Na kama siku ukiletewa maua ya yungiyungi yale marefu meupe ya dukani usiyaingize ndani, hata ile poda ya njano ikimwangukia mgongoni akajilamba inaweza kumuua figo.

Kungu anatafuta majani ya kutafuna, ni kawaida yao. Mpandie ndoo yake mwenyewe ya mpunga, zikiota majani ya kidole kimoja mwachie. Usitumie mtama, mche wake mchanga una sumu, hata ng'ombe unawaua.

Na kinyesi kitoe kila siku, usikiachie kiwe mbolea ya mboga za kula, mchicha uoshe vizuri, na kama nyumbani kuna mjamzito asiguse huo mchanga, amwachie mtu mwingine.

kijana_wa_Masasi
Picha ya Kibua iko wapi?

Binti_Shangani
Narudi baada ya wiki mbili. Makumbi nimepata bure kwa mama anaeuza nazi sokoni, beseni Kibua alilikataa siku mbili la tatu kaingia mwenyewe, toka hapo ndoo hajazigusa. Miche iliyofukuliwa niliirudishia jioni jua limepoa, karibu yote imeshika. Jana nimechuma mchicha wa kwanza, mkono mmoja tu ulijaa, nikauunga na nazi nikala na ugali wa muhogo, nikampigia mama simu kumwambia.

Mpunga umeota. Kungu hakuutafuna, kaulalia wote, kotimiri imepona. Saa hizi yumo ndani ya ndoo yake mkia unaning'inia nje na Kibua yuko chini anaupiga piga. Picha naweka kesho kukiwa na mwanga.