VX 80 usukani unatanga: orijino, endi za Kijapani za dukani au used? Nisaidieni kulinganisha

Mangola_GX
Wakuu habari za jioni. Nna Land Cruiser HZJ80 ya 1994, injini 1HZ, nimeachiwa na mzee wangu na sitaki kuiuza kabisa. Inafanya kazi Njia Panda mpaka Mangola kila wiki, ikirudi inakuwa na vitunguu nyuma. Sasa tangu mvua za masika zimeisha usukani una pley, nageuza upana wa vidole vinne hivi ndo tairi zinaitika, alafu nikifika 70 nikipiga shimo na tairi ya kushoto mbele inaanza kutetemeka yote mpaka nishike breki nipunguze ndo inatulia. Juzi wife alikuwa ndani na mtoto, kwa kweli niliogopa.

Nimezunguka kwa mafundi watatu nimepewa majibu haya:
1. Ninunue orijino za Toyota zote, tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele), dragi linki (fimbo ya kutoka boksi ya usukani kwenda tairi) na dampa (ya kutuliza mtetemeko wa usukani).
2. Ninunue endi (jointi za ncha za fimbo) nne tu za chapa ya 555 za Kijapani, fimbo zibaki zangu.
3. Nichukue used, fimbo nzima na endi zake kutoka kwenye hafukati (gari used lililokatwa nusu).
4. Wa mwisho kasema boksi ya usukani tu ndo imelegea, akaze skrubu ya juu anifungie na dampa mpya niondoke siku hiyo hiyo.

Bei ya namba 1 ni zaidi ya mara tatu ya namba 2, kwa hiyo nataka kusikia kwa waliofunga na kutembea nazo, sio bei tu.

fundi_Njiro
Mkuu pole na safari. Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta pley iko wapi. Hizo njia nne zote zinaweza zikawa sahihi na zote zinaweza zikawa hasara, maana kwenye eksili ya 80 kuna sehemu nyingi zinaleta dalili moja.

Fanya hivi. Gari liwe chini kwenye tairi zake, usipige jeki, injini iwashwe ili hydrauliki ifanye kazi, hendibreki juu na mawe kwenye tairi. Mtu akae ndani achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto kulia, kama anatikisa mtoto alale, wewe uko chini umeshika kila jointi kwa kiganja, nusu ya kiganja kwenye fimbo nusu kwenye mkono wa hab (kitovu cha tairi). Jointi mbovu utaisikia kwenye ngozi kabla hujaiona kwa jicho, inagonga "tk tk". Anza pitiman (mkono unaotoka kwenye boksi), fuata dragi linki inakokwenda, kwa gari ya usukani wa kulia inavuka mbele ya eksili mpaka hab ya kushoto, alafu ingia nyuma ya eksili kwenye tairodi pande zote mbili. Usisahau ile fimbo ya kukingama inayoshika eksili na chasisi, bushi zake zikifa eksili nzima inahama pembeni na wewe unalaumu tairodi. Angalia na boliti za boksi pale kwenye chasisi, na yunivasali ya shafti ya usukani.

Ukimaliza hapo piga jeki tairi moja moja. Shika juu na chini utikise. Ikicheza, mwenzako akanyage breki, ukitikisa tena na pley imepotea ujue ni beringi za tairi, pley ikibaki ni kingpini beringi (zile za juu na chini ambazo hab inageukia). Lete majibu hapa ndo tuongelee duka.

Na namba 4 naomba sana usifanye. Ile skrubu ipo kwa ajili ya marekebisho madogo, ukiikaza kuficha pley ya jointi boksi inabana katikati, usukani haurudi wenyewe ukitoka kona, na gia za ndani zinalana. Nimeletewa boksi nyingi nzima zilizouliwa kwa skrubu tu.

Maralal_80
Boss mimi niko Kenya, barabara yangu ni Maralal kwenda Baragoi so unajua mawe si kidogo. Mimi nilienda na namba 2, endi nne, na mpaka leo ni mwaka wa tatu ziko tight, lakini hiyo ni seti ya pili. Ya kwanza nilinunua Nairobi kwa duka moja hapo town, katoni yake ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa na bei ilikuwa chini kiasi, nikafurahi, miezi minne mpira umepasuka, vumbi imeingia, endi inaning'inia ukiigusa na kidole. Zilikuwa feki. Zile zenyewe za Japan hazina hiyo shida.

Vile mimi huangalia saa hii: nachukua endi mkononi nasukuma ule mguu wake wenye uzi na kidole gumba. Mpya ya ukweli inakuwa ngumu na inaenda sawa pande zote, haina mahali inalegea ghafla. Feki ama imelegea tangu dukani ama imekauka inashikashika. Mpira wa feki ni mgumu kama plastiki na maandishi kwa chuma ni ya juujuu, si ya kuchongwa vizuri. Na nenda na yako ya zamani ulinganishe uzi, kuna za uzi wa kushoto na za kulia, ukikosea hiyo unarudi town tena.

Orijino ni nzuri sana sikatai, lakini kwa jointi peke yake mimi sijaona tofauti ya pesa mara tatu.

DadaLC_UsaRiver
Naongezea upande mwingine kaka Mangola. Sisi tuna gari tano za kubeba wageni, mbili ni 80. Tunafunga orijino kwenye dragi linki na Kijapani ya dukani kwenye tairodi, na sababu ni moja: dragi linki ndo inayounganisha usukani wako na tairi. Tairodi ikichomoka tairi zinaachana na gari linakataa kwenda, ni hatari ila bado una upande mmoja unaoitika. Dragi linki ikichomoka umeshika usukani mtupu. Na iko mbele ya eksili, kila jiwe linaanza na yenyewe.

Ila kilichonifundisha mimi sio jointi. Tulikuwa kati ya Ngorongoro na Naabi, ile barabara ya mawimbi kama bati mnaijua, dereva akasema dada gari linaandika herufi S. Tukasimama, nikalala chini kwenye kanga, endi zote mpya zinang'aa, nikamwambia achezeshe usukani. Mkono wa hab ya kushoto, pale chini unaposhikwa na nati nne, ulikuwa unapumua. Unafunguka na kufunga kama ganda la chaza, na kwenye ule mwanya grisi imechanganyika na vumbi imekuwa kama uji wa ulezi. Nati mbili zimelegea, stadi moja (boliti ya kuchomekwa inayoshika nati) imeshakatika imebaki na kichwa cha kutu. Tulikaza zilizobaki tukarudi mwendo wa mguu.

Waliofunga endi wiki tatu nyuma hawakugusa zile nati nne. Tangu siku ile kila gari ikiingia sevisi nati za mkono wa hab zinakazwa kwa spana ya kipimo, na stadi zikitoka zinaingia mpya, hatujadili. Kwa hiyo chochote utakachonunua, naomba sana uangalie hapo.

Mangola_GX
Dada asante sana, hiyo sijaambiwa na fundi hata mmoja. Nitaangalia kesho asubuhi.

Maskati80
Salaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Maskati, 80 huku zimejaa na spea used zinatoka Sharjah kwa wingi. Juu ya namba 3 nataka kukwambia jambo moja, gari za huku usukani uko kushoto. Boksi ya huku haikufai kabisa, na dragi linki usichukue kwa macho, lazima itoke gari ya usukani wa kulia. Yupo ndugu yangu Unguja kaagiziwa boksi kutoka huku kwa bei njema, imefika kule imekuwa ya kuwekea mlango usifunge na upepo. Ukitaka boksi used tafuta ya Japani.

Na endi used mie sinunui. Fimbo used haina tabu kama haijapinda, ilaze juu ya kioo uiviringishe uone. Lakini jointi ilokwisha tembea gari ya mtu hujui imebakisha nini.

Defender_Iringa
Mimi ni wa Landrover 110 ila hili ni lile lile. Dampa mpya ndo imenidanganya mwaka mzima. Mtetemeko uliisha, nikajua nimepona, kumbe beringi za juu na chini za hab zilikuwa zinaendelea kufa kimya kimya. Dampa iwe kitu cha mwisho kufungwa, tena jaribu gari bila dampa kwanza kwa mwendo mdogo, kama bila dampa inatetemeka ugonjwa bado uko ndani.

Mangola_GX
Wakuu nimerudi na majibu, nimekaa chini ya gari kuanzia saa mbili mpaka saa sita na kijana wa jirani kwenye usukani.

Boksi haina shida, boliti zake zimekaza, haivuji. Endi ya dragi linki upande wa hab ya kushoto inagonga waziwazi, mpira wake umepasuka wote. Endi ya tairodi ya kulia ina pley kidogo. Hizo mbili nyingine ngumu. Bushi za fimbo ya kukingama zimechanika upande wa chasisi. Nati nne za mkono ziko salama pande zote, nimezikaza. Nilipopiga jeki tairi ya kushoto ikacheza juu chini, kijana akakanyaga breki, ikaendelea kucheza. Alafu kuna kitu sikielewi, tairi ikiwa juu nikiigeuza kwa mkono kuna sehemu ya katikati kabisa inashika kidogo kama imeingia kwenye kishimo, alafu inaendelea.

fundi_Njiro
Safi sana mkuu. Hicho kishimo ndo kingpini beringi. Gari miaka 30 linaenda mbele limenyooka, zile rola zimepiga alama kwenye kikombe pale pale pa kunyooka, kwa hiyo inapenda kukaa hapo na ukiitoa kidogo inarukaruka. Mtetemeko wako mwingi uko hapo. Ungefunga namba 1 yote na mtetemeko ungebaki.

Ushauri wangu sasa. Endi nunua zote nne za Kijapani, usibadilishe mbili, maana hizo ngumu zimetembea kilomita zile zile. Fimbo zako baki nazo kama zimenyooka. Pesa iliyobaki peleka kwenye hab, beringi za kingpini pande zote mbili, Koyo, na seti ya sili zote. Ukifungua ndani ukakuta grisi imekuwa supu ujue sili ya ndani ya eksili imepitisha oili ya difu, ibadilishe hapo hapo. Kuna nati mbili kubwa za beringi ya tairi zinataka soketi ya 54, usikubali zipigwe patasi. Washa za koni hazivutwi na bisibisi, unagonga kwenye kichwa cha stadi kwa nyundo ya shaba zinaruka zenyewe. Shimu (vibati vyembamba vya kujazia) za kingpini zirudi zilipotoka, juu kwa juu chini kwa chini, alafu ugumu wake upimwe kwa mzani wa kuvuta kabla tairodi haijafungwa.

Kutoa endi usitumie ile uma ya kugongea kama unataka kurudisha chochote, inapasua mipira. Pula, au piga nyundo pembeni ya jicho la mkono huku nati imeachwa nyuzi mbili tatu, inaachia. Kabla hujafungua pima katikati ya endi mpaka katikati ya endi uandike. Nati mpya ikikazwa na tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) halijalingana, kaza zaidi mpaka lilingane, usirudishe nyuma hata kidogo.

Tairodi ndo inarekebisha tairi za mbele ziangaliane vipi, dragi linki inaweka usukani katikati. Mafundi wengi wanachanganya hapo, usukani ukikaa upande wanazungusha tairodi na tairi zinaliwa.

Maralal_80
Na bushi za hiyo fimbo ya kukingama usichukue za mpira laini, hiyo ndo inaumia kwa mawe. Hiyo moja mimi ningenunua genuine.

DadaLC_UsaRiver
Nakubaliana na fundi, ila kwenye dragi linki bado nasimama na orijino kama mfuko unaruhusu. Kwa mwenye gari moja ya kubebea familia, Kijapani ya kweli inatosha, muhimu mpira wake uangaliwe kila mwezi.

Mangola_GX
Wakuu, nimefunga Ijumaa na Jumamosi hapa Karatu. Endi nne za Kijapani, nimezikagua kama alivyoelekeza ndugu wa Maralal, duka la kwanza nimezikataa la pili nikachukua. Kingpini pande zote, sili zote. Ya kushoto ndani ilikuwa supu kweli, nyeusi, inamwagika kama mafuta ya gari, na kikombe cha chini kina mistari unaihesabu kwa ukucha. Bushi orijino. Dampa ya zamani nimeitoa nikajaribu bila hiyo mpaka Rhotia na kurudi, nikapiga mashimo makusudi kwa 60, imetulia. Usukani ukitoka kona unarudi wenyewe, sijawahi kuuona unafanya hivyo tangu nilipoanza kuendesha hii gari.

Fundi naomba jambo moja, upana wa tairi mbele nimepima kwa kamba, usawa wa katikati ya hab, mbele pungufu ya nyuma milimita mbili. Niache hivyo mpaka nifike Arusha kwenye mashine?

fundi_Njiro
Acha hivyo hivyo. Ukitembea kilomita mia tano kaza tena kila kitu, na zile nati nne za dada uanze nazo.