Bakteria wanaulaje mwani na meno hawana?

Kibirizi_mdau: Wakuu habari, niko Kigoma. Dada kaniletea mwani mkavu toka Unguja nikauloweka kwenye beseni nikausahau siku nne, nakuta maji yanavutika kama mlenda na harufu hiyo usiseme. Sasa bakteria wanaulaje?

Ticha_Ujiji: Kaka huo mlenda kwa sehemu kubwa ni karajini, yani sukari zimeshikana mnyororo mrefu halafu zimebeba salfeti (vikundi vya salfa na oksijeni). Mnyororo mzima haupiti kwenye ngozi ya bakteria hata kidogo, kwa hiyo wanaukatia nje kwa vimeng'enya, yani protini zinazokata kama mkasi. Ila kuna kundi la Bacteroidetes hao ndo wananifurahishaga kweli, wana protini juu ya ngozi inadaka mnyororo, kimeng'enya kinakata, halafu kuna protini kama mlango wenye kifuniko inavuta kipande ndani fasta kabla jirani hajadokoa. Wakishaingiza ndo wanamalizia kukata mpaka sukari moja moja, na zile salfeti zina vimeng'enya vyake vya kuzibandua, bila hivyo kazi haiendi.

Mama_Dagaa: Na tumboni kwetu je mwalimu?

Ticha_Ujiji: Dada yangu, wengi wetu hatuna hao wa kuukata. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba bakteria wa tumboni kwa Wajapani, Bacteroides plebeius, wana jeni za kukata sukari ya nori (mwani wanaoula sana Wajapani) na asili ya jeni hizo ni bakteria wa baharini, inaonekana waliingia na mwani mbichi.

Kibirizi_mdau: Duh! Asante sana mwalimu, beseni nalimwaga kesho, leo wacha niliangalie tena.