Naomba ushauri: sampuli ya DNA baada ya rufaa kufaulu

Hamjambo wanakikundi, hasa mawakili mlio humu. Mpwa wangu alihukumiwa hapa Nairobi kwa kosa la ngono, akakata rufaa, na Mahakama Kuu ikamwachilia huru. Kesi ilipokuwa ikiendelea alitolewa sampuli ya DNA kwa amri ya korti. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 kinasema aliyepatikana na hatia sampuli yake ihifadhiwe, na aliyeondolewa hatia iharibiwe. Uamuzi wa rufaa haukuitaja kabisa. Karani aliniambia tu niandike barua, bila kusema kwa nani. Kijana anatafuta kazi na jambo hili linamnyima usingizi, nami pia.

Je, ombi la kuiharibu lipelekwe korti iliyomhukumu au ile ya rufaa? Na tunawezaje kuthibitisha imeharibiwa kweli?