Msaada: programu ya kuchuja meseji haijui kama mwezi umebadilika

MwanaUjiji
Wakuu habari za usiku. Mama mkubwa wangu anaanika dagaa Kibirizi hapa Kigoma, simu yake ina magrupu kibao, bei, upepo, malori ya Dar, misiba, mipira, yaani meseji zinaingia mpaka simu inaganda. Nikamtengenezea kiprogramu kwa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), kinaangalia maneno anayopenda kufungua halafu kinampandishia juu meseji zenye hayo maneno. Wakati wa giza, mwezi haupo na dagaa wanavuliwa kwa taa, kilipiga kazi safi kabisa. Mbalamwezi ilipokuja mitumbwi haikuingia ziwani, mama akahamia kwenye mawese, ila chenyewe kikaendelea kumjazia dagaa tu dagaa tu wiki nzima, tangazo la mawese ya bei poa kaja kuliona mzigo umeshaisha. Nasikia kuna mbinu zinazoiga wadudu na miili yetu, zinasaidia kweli?

Nyuki_wa_Tabora
Mkuu hicho kinajifunza ila hakisahau. Angalia sisimizi, akipata chakula anarudi huku anaacha harufu njiani, wenzake wanaifuata na kuiongeza, chakula kikiisha harufu inayeyuka yenyewe njia inakufa. Mtafiti wa kompyuta Marco Dorigo aliifanya mbinu ya kompyuta kwenye tasnifu yake ya 1992 kule Milan. Kila neno lipe pointi, akifungua ongeza, halafu kila usiku punguza yote kama asilimia 10 hivi. Na ruhusu meseji mbili tatu za kubahatisha, maana sisimizi aliyepotea njia ndo anayegundua chakula kipya.

Mtabibu_Urambo
Naongezea upande wa kinga ya mwili. Kijidudu kikiingia, zile seli chache zinazokishika ndo zinazaliana kwa wingi, mwanasayansi wa kinga Burnet aliliandika hilo 1957, ugonjwa ukipona nyingi zinakufa ila zinabaki chache za kumbukumbu. Sasa kwa asilimia 10 kila siku, wiki mbili tu neno dagaa limebaki na chini ya robo ya pointi zake, giza likirudi unaanza moja. Neno lililowahi kupendwa sana liwekee kiwango lisishuke zaidi ya hapo, na likiguswa tena lipande haraka.

MwanaUjiji
Asanteni sana aisee. Ila akiwa kwenye vichanja mikono imejaa magamba, hashiki simu toka asubuhi mpaka saa kumi jioni. Asizofungua muda huo si kwamba hazitaki.

Nyuki_wa_Tabora
Hapo kweli, kila usiku nilikosea. Punguza pale tu ameshika simu, meseji ikapita mbele ya macho yake akairuka. Simu ikiwa mkobani pointi zibaki palepale.