Samaki wa dhahabu aliyepatikana kama zawadi

Swali: Ndugu zangu, tunaishi hapa Uingereza, na jana mwanangu alishinda samaki wa dhahabu kwenye uwanja wa bembea, akakabidhiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Sasa yumo kwenye bakuli la kioo, na anahema juujuu ya maji. Nifanye nini?

Jibu la kwanza: Dada, bakuli halimfai, kwa sababu samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, ambayo katika maji machache humchoma matamvua anayopumulia. Mhamishie leo hii kwenye beseni kubwa lisilowahi kutiwa sabuni, baada ya kutia dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Ukishapata kichujio, badilisha sehemu tu ya maji kila siku, wala usiyamwage yote, mpaka bakteria wanaoondoa sumu hiyo waongezeke, jambo linalochukua wiki kadhaa.

Jibu la pili: Mpe chakula kidogo mno. Akitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 10 na kupita sentimita 20, kwa hiyo tafuta tangi kubwa mapema. Scotland imepiga marufuku zawadi za wanyama. Natamani sana England nayo ifanye hivyo.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeshamhamisha, na anahema kwa utulivu zaidi.