Eti haijaandikwa kwa sababu "haitakiwi kutokea"!!!

Wakuu, nimetoka kusoma imeli yao sasa hivi mpaka mikono inatetemeka. Wale jamaa wa API ya malipo (mlango wa mfumo wako kuuomba mfumo wao ukate hela) mnawajua, sina haja ya kuwataja, kila aliyewahi kuunganisha mfumo nao ana kovu. Dokumenti yao kurasa 64, kurasa 63 zote muamala umefanikiwa, mteja anatabasamu, ya 64 nembo yao!

Sasa juzi natuma ombi la kukata 45,000, seva yao kimya, sekunde 30 taimauti, yaani muda wa kusubiri jibu umeisha. Hela imekatwa au haijakatwa? Dokumenti haisemi. Nirudie kutuma? Haisemi. Programu yangu ikarudia kutuma, mteja kakatwa mara tatu, kanipigia saa tano usiku ananiita mwizi. Nawauliza kistaarabu, taimauti ikitokea nifanye nini, wananijibu "hiyo haijaandikwa kwa sababu haitakiwi kutokea". HAITAKIWI KUTOKEA! Ajali nayo haitakiwi kutokea, mbona gari lina breki? Nimelala nayo nimeamka nayo, haitakiwi kutokea!!

fundi_kodi: Pole ila kosa lako dogo. POST (ombi la kufanya kitu, kama kukata hela) hairudiwi kiholela, weka namba ya kumbukumbu kwenye kila ombi ili likijirudia lijulikane ni lilelile.

Mleta uzi: Namba NILIWEKA! Ileile mara tatu, wakakata mara tatu! Dokumenti inasema namba ni lazima, ikijirudia inakuwaje haisemi!

fundi_kodi: Duh. Hapo nimenyamaza.

mzee_wa_tegi: HTML 4.01 ya 1999, kanuni za kuandika kurasa za wavuti kwa tegi, nayo haikueleza kivinjari kifanye nini kikikuta makosa, ila angalau waliandika wazi kwamba hawaelezi. Kila kivinjari kikajifanyia chake, tukateseka miaka mpaka HTML5 ikaja na hatua za kusoma hata tegi mbovu. Hao wako hata kukiri hawajakiri.

bintiseva: Afadhali yako unapata taimauti. Mimi wangu wananirudishia 200, namba ya "imefanikiwa", safi kabisa, ukifungua ndani imeandikwa IMESHINDIKANA. Nimeshasherehekea miamala hewa wiki nzima.

kaka_jason: Nyie bado. Mimi nimeletewa JSON (data ya majina na thamani zake) yenye "kiasi" mara mbili, 5000 na 50000. RFC 8259, waraka wa kanuni za JSON, inashauri majina yasijirudie, yakijirudia matokeo hayatabiriki. Libreri yangu ya kusoma JSON imechukua la mwisho, ya mwenzangu imegoma, tumegombana ofisini hatusemeshani.

bintiseva: @kaka_jason yupi alikuwa sahihi?

kaka_jason: Wote! Ndo kinachouma!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, HAITAKIWI KUTOKEA

mtoto_wa_kimara: Mnalia taimauti, mimi umeme umekatika nahamisha databesi, imefika nusu

fundi_kodi: Kimara ipi? Mbezi umerudi.

mtoto_wa_kimara: Korogwe. Giza totoro, simu asilimia 4

bintiseva: Nipo hapohapo Korogwe, nina pawabenki, njoo dukani