Mrejesho: lile zege la uani limeng'oka

Wakuu, niliwauliza namna ya kung'oa zege la zamani uani, mita 4 kwa 5, unene sentimita 10. Limeisha. Aliyeniambia nianzie ukingoni na kuchimbua udongo chini yake kwanza, Mungu ambariki: likikosa pa kuegemea, nyundo ya kilo 5 inalipasua kama muhogo mkavu. Katikati tulikuwa tunajichosha bure.

Kilichonitesa ni kifusi. Mita moja ya ujazo ya zege ni kama tani 2.4, kwa hiyo langu, lenye mita 2 za ujazo, lilikaribia tani 5. Na mimi nilishapanga kirikuu kimoja tu, kile kigari kidogo cha mizigo! Nusu jirani kaomba, kajazia mashimo ya njia yake. Iliyobaki kaondoka nayo mwenye lori la Fuso. Nondo? Vijana wa chuma chakavu walizibeba kabla sijanawa mikono.